Utpal Dutt, mtu wa masharubu

Nilimfahamu Utpal Dutt kwa kumcheka. Nilikuwa mwaka wa pili. Tulikuwa watu sita katika chumba kimoja, mbele ya kompyuta moja, na mwenzetu alikuwa amepata filamu ya Kihindi ya mwaka 1979 iitwayo Gol Maal, yenye maneno ya Kifaransa chini ya picha. Iliongozwa na Hrishikesh Mukherjee, bingwa wa hadithi za familia za hali ya kati: watu wasio matajiri wala mafukara, wenye kodi ya nyumba ya kulipa, dada wa kumtunza, kazi ya kutafuta.

Kisa chenyewe ni chepesi. Kijana Ramprasad, mhasibu, anatafuta kazi kwa mzee Bhavani Shankar, na mzee huyo anaamini kwamba mwanamume asiye na masharubu hana tabia. Tena anachukia vijana wanaopenda michezo. Basi Ramprasad anakwenda kumwona amevaa kanzu fupi ya kienyeji, masharubu yapo, na anajifanya hajui lolote kuhusu Pele. Anapata kazi. Siku moja anasingizia kuwa mama yake ni mgonjwa, anakwenda kutazama mpira wa magongo, na mzee anamwona uwanjani. Kesho yake anabuni pacha, Lakshmanprasad, asiye na masharubu, na uongo mmoja unazaa mwingine mpaka inabidi atafutwe hata mama wa kuazima.

Kilichotushika sisi watu wa lugha ni namna wale mapacha wanavyosema. Ramprasad anasema Kihindi kilichochujwa, chenye maneno mazito ya Kisanskriti, na Lakshmanprasad anasema kama vijana wa mjini. Tulielewa bila kufafanuliwa. Nani kati yetu hasemi Kiswahili bora mbele ya profesa, kisha akifika sokoni akaongea kile cha nyumbani?

Lakini aliyetuchekesha zaidi hakuwa yule kijana. Alikuwa mzee mwenyewe, macho yamemtoka, sauti inapanda na kukatika, anataka kuamini na anashuku papo hapo. Nilidhani ni mchekeshaji wa kazi, mtu aliyezaliwa kuchekesha, basi.

Baadaye, nilipokuwa natafuta maandiko juu ya Shakespeare katika nchi zilizotawaliwa na Waingereza kwa ajili ya kazi yangu ya kumaliza masomo, nilikutana na jina lile lile. Nilifikiri ni mtu mwingine. Hakuwa mwingine.

Utpal Dutt alikuwa Mbengali, alizaliwa tarehe 29 Machi 1929. Alisoma Calcutta katika chuo cha St. Xavier's, akamaliza fasihi ya Kiingereza mwaka 1949. Alikuwa mwanafunzi kama sisi, wa idara kama zetu, alipoanza kucheza Shakespeare kwa Kiingereza na wenzake. Mwaka 1947, mwaka ule ule India ilipopata uhuru, Mwingereza Geoffrey Kendal na mkewe Laura, waliokuwa na kikundi cha kuzunguka nchini wakicheza Shakespeare, walimchukua. Alizunguka nao, akajifunza kazi: kufika mahali, kupanga jukwaa, kucheza, kukunja, kuondoka. Miaka mingi baadaye maisha ya kikundi hicho yaliingia katika filamu ya Shakespeare Wallah (1965), na Dutt ndiye aliyecheza sehemu ya maharaja.

Kikundi chake mwenyewe kiliitwa Little Theatre Group. Mwanzoni kilicheza kwa Kiingereza, na kilisifiwa. Waliokuwa wakisifu ni wachache wa Calcutta waliosoma kama yeye. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 aliacha Kiingereza jukwaani akahamia Kibengali. Shakespeare hakumtupa: alimchukua Macbeth kwa Kibengali akampeleka hadi vijijini.

Hapa naomba niseme jambo langu. Mwaka huo niliokuwa nikimsoma, kikundi chetu kilicheza tamthilia niliyoiandika mimi, kwa Kifaransa, na Kifaransa changu nilikuwa nimekisafisha sana. Walinzi na mama wauza mikate wa langoni walikuja wakasimama nyuma. Hazikupita dakika kumi, wakaondoka mmoja mmoja kwa adabu. Walimu walinipongeza. Mimi nilikuwa nikiitazama ile nafasi tupu iliyobaki nyuma, na usiku ule nilirudia kusoma kurasa zinazohusu mwaka ambao Dutt alibadili lugha. Sisemi kwamba Kifaransa ni kosa. Nasema niliona nani aliondoka.

Mwaka 1959 kikundi chake kilikodi jumba la Minerva, Calcutta, na mwaka huo kikacheza Angar, yaani Makaa ya Mawe. Ni hadithi ya wachimbaji waliokwama chini ya ardhi, na wenye mgodi wanaamua kuujaza maji ili kuokoa mali. Muziki ulitungwa na Ravi Shankar, na mwangaza ulipangwa na Tapas Sen, ambaye kwa taa tu aliwafanya watazamaji waone maji yakipanda taratibu juu ya watu. Mtu wa Katanga hahitaji maelezo mengi kuhusu mchezo huo.

Kisha ikaja Kallol, mwaka 1965, juu ya maasi ya mabaharia wa jeshi la majini la India dhidi ya Waingereza mwaka 1946. Chama tawala hakikupenda jinsi mchezo ulivyoonyesha viongozi wake wa zamani. Magazeti yalikataa kuutangaza, wenzake wakabandika matangazo ukutani, watu wakajaa. Mwaka huo huo Dutt alikamatwa, akawekwa gerezani miezi kadhaa bila kufikishwa mahakamani. Mchezo haukusimama.

Mwaka 1967 alikamatwa tena, huko Bombay, wakati akiigiza katika filamu ya kigeni. Alikuwa ameandika Teer, juu ya maasi ya wakulima wa Naxalbari. Safari hii alitoka upesi baada ya kutia sahihi ahadi kwa serikali, na wenzake wa mrengo wa kushoto walimlaumu vikali. Wanaompenda hupita haraka hapo. Mimi sioni sababu ya kupita haraka. Mtu aliyekwisha kuonja gereza anajua anachokiogopa kuliko sisi tunaomhukumu kutoka maktabani. Hata hivyo ahadi ile haikumnyamazisha: aliandika na kucheza Tiner Talwar mwaka 1971, na mwaka 1975, Indira Gandhi alipotangaza hali ya hatari, Dutt alimrudisha Macbeth jukwaani. Kila mtazamaji alijua ni mtawala gani anayesemwa, ingawa hakuna neno lililokuwa jipya. Aliandikia pia jatra, mchezo wa kienyeji unaochezwa watazamaji wakiwa wamezunguka pande zote, kwa sauti kubwa na ngoma, ambao wasomi wa mjini walikuwa wakiudharau.

Na filamu je? Fedha zilitoka huko, na fedha hizo zililisha jukwaa. Mwaka 1969 aliigiza ofisa mkavu wa reli katika Bhuvan Shome ya Mrinal Sen, akapata tuzo ya taifa ya mwigizaji bora, kwa Kihindi, ambacho hakikuwa lugha yake ya kuzaliwa. Miaka kumi baadaye akawa Bhavani Shankar, na filamu hiyo ikampa tuzo ya Filmfare ya mchekeshaji bora. Wengine huona aibu kwa niaba yake, kwamba mwanamapinduzi alijishusha. Nikiitazama tena naona kinyume. Yule tajiri anayeajiri mtu kwa kuangalia nywele za juu ya mdomo, anayedhani usafi wa lugha ni usafi wa moyo, ameigizwa na mtu aliyemsoma kwa miaka thelathini, na hakumfanya jitu la kutisha. Alimfanya mjomba wetu.

Mwaka 1991 Satyajit Ray alimpa sehemu kuu katika Agantuk, yaani Mgeni, filamu ya mwisho ya Ray. Familia ya hali ya kati ya Calcutta inapokea mjomba aliyeondoka miaka 35 iliyopita, na haijui kama ni yeye kweli. Katika Gol Maal, Dutt ndiye anayechunguza wengine kama ni wa kweli. Katika Agantuk wanamchunguza yeye, nyumbani mwa watu wa damu yake, na anawajibu kwa upole, kwa Kibengali chake.

Alifariki Calcutta tarehe 19 Agosti 1993, akiwa na miaka 64.

Juma lililopita tuliitazama Gol Maal tena, safari hii watu wengi zaidi, na mlinzi mmoja wa usiku akaingia akakaa kwenye ndoo. Nilikuwa nikimtafsiria kwa Kiswahili chetu cha hapa, nikibahatisha kutoka Kifaransa. Mwishoni, Bhavani Shankar anapotokea amenyoa masharubu, mlinzi alicheka mpaka akajishika mbavu, kisha akauliza yule mzee ni nani. Nikaanza kumweleza.