Elbridge Gerry: Gavana aliyeachia ujanja wa mipaka jina lake

KILA mipaka ya maeneobunge inapochorwa upya na kelele za upendeleo kuzuka, jina la mwanasiasa mmoja wa Marekani aliyefariki mnamo 1814 hufufuliwa na kutumiwa kama tusi. Ni jina la Elbridge Gerry, na pengine hakustahili aibu hiyo yote.

Gerry alizaliwa Julai 17, 1744, katika mji wa bandari wa Marblehead, Massachusetts. Babake alikuwa mfanyabiashara aliyeuza samaki wakavu ng'ambo. Kijana huyo alihitimu katika Chuo cha Harvard mnamo 1762, akarejea nyumbani kusaidia biashara ya familia, kisha akavutwa na siasa za kupinga utawala wa Uingereza. Mnamo 1776 alikuwa miongoni mwa waliotia sahihi Azimio la Uhuru.

Mnamo 1787 alitumwa Philadelphia kuandika Katiba mpya. Mkutano ulikaribia kuvunjika kwa sababu ya swali moja: viti vya Bunge vigawanywe vipi? Majimbo makubwa yalitaka idadi ya watu iwe kipimo. Majimbo madogo yalishikilia kwamba kila jimbo lipate sauti sawa, yasije yakamezwa.

Gerry alichaguliwa kuongoza kamati iliyotafuta suluhu. Ikapendekezwa kuwa Bunge la Wawakilishi lifuate idadi ya watu, nayo Seneti iwe na usawa wa majimbo. Mnamo Julai 16 mapatano hayo yalipita kwa kura tano dhidi ya nne. Kila jimbo lilikuwa na kura moja, na ile ya Massachusetts ilipotea kwa sababu wajumbe wake wanne waligawanyika: Gerry na Caleb Strong waliunga mkono, Rufus King na Nathaniel Gorham wakapinga. Msomaji na alikumbuke jina la Strong.

Katiba iliagiza sensa kila baada ya miaka 10 ili viti vifuate watu waliko. Hapo ndipo hofu ya Gerry ilipojitokeza. Aliona kwamba walowezi wangehamia magharibi na siku moja majimbo mapya yangeyatawala yale ya zamani. Akataka wawakilishi wa majimbo mapya wasizidi kamwe wale wa majimbo 13 ya kwanza. Alishindwa, na ni heri alishindwa. Alipinga pia watumwa wa kusini kuhesabiwa katika ugavi wa viti, akihoji mantiki ya kumfanya mtu mali shambani na raia wakati wa kugawa mamlaka. Katika hilo pia alishindwa. Kila watumwa watano walihesabiwa kama watu watatu. Mwishowe alikataa kutia sahihi Katiba, pamoja na George Mason na Edmund Randolph.

Hata hivyo alihudumu katika Bunge la Wawakilishi la kwanza, lililopangiwa wanachama 65. Sensa ya 1790 ilipata watu takriban milioni 3.9, na Bunge likaongezwa hadi viti 105. Gerry aliondoka humo mnamo 1793.

Doa lake lilitokea alipokuwa gavana wa Massachusetts, wadhifa alioshinda mnamo 1810. Chama chake, cha wafuasi wa Thomas Jefferson, kilidhibiti bunge la jimbo na kikachora upya maeneo ya uchaguzi wa seneti ya jimbo. Awali maeneo hayo yalifuata mipaka ya kaunti. Sasa kaunti ya Essex ilikatwakatwa, na eneo moja likajipinda kuizunguka kama nyoka, Marblehead alikozaliwa gavana ikiwemo. Inasimuliwa kuwa Gerry hakuupenda mswada huo. Lakini hakuukataa, aliutia sahihi Februari 11, 1812.

Machi 26 gazeti la Boston Gazette, lililoegemea wapinzani wa Federalist, lilichapisha kibonzo cha eneo hilo likiwa na mabawa, makucha na kichwa cha zimwi. Jina la gavana liliunganishwa na la salamanda, mnyama anayefanana na mjusi, likazaliwa neno "gerrymander".

Hila yenyewe ilifaulu. Ingawa Federalist walipata kura nyingi kidogo za seneti, walitoka na viti 11 pekee dhidi ya 29. Kura ya ugavana, hata hivyo, ilipigwa na jimbo zima na haikuwa na mipaka ya kuchezewa. Gerry akabwagwa. Aliyembwaga ni Caleb Strong, yule yule wa Philadelphia.

Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 89, inawekea maeneobunge kikomo cha kutofautiana kwa watu: asilimia 40 kwa miji mikubwa na sehemu zenye watu wachache, asilimia 30 kwingineko. Kikomo cha aina hiyo huzuia idadi kupotoka sana. Umbo la eneo ni suala jingine.

Gerry hakukaa nje kwa muda mrefu. Machi 1813 aliapishwa kuwa Makamu wa Rais chini ya James Madison. Novemba 23, 1814, alifariki ghafla mjini Washington akiwa na umri wa miaka 70, na akazikwa huko. Mkewe, Ann, aliishi hadi 1849.

Jambo moja wengi hawalijui: mwenyewe alilitamka jina lake kwa sauti ya "g" kama katika "gari". Wamarekani wa leo, wanapotamka neno la kibonzo kile, husema "j".