Röntgen: Aliyetupatia eksirei na kutuachia funzo

MGONJWA anayepigwa picha ya kifua katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Songea, au katika hospitali ya misheni ya Peramiho, ananufaika na kazi ya mtu aliyefariki dunia zaidi ya karne moja iliyopita. Huyo ni Wilhelm Conrad Röntgen, na wakati huu ambapo akili mnemba inabisha hodi katika vyumba vya eksirei, maisha yake yana la kutufundisha.

Röntgen alizaliwa Machi 27, 1845 mjini Lennep, Ujerumani, akiwa mtoto pekee wa mfanyabiashara wa vitambaa, akakulia Uholanzi. Huko alifukuzwa shule kwa kukataa kumtaja mwenzake aliyechora kikaragosi cha mwalimu. Kukosa cheti kulimfungia milango mingi, hadi alipopokelewa na chuo cha ufundi cha Zurich, Uswisi. Alisomea uhandisi wa mitambo, na mwaka 1869 akatunukiwa shahada ya uzamivu.

Jioni ya Novemba 8, 1895, kabla Wajerumani hawajaweka boma lao Songea mwaka 1897, Röntgen alikuwa maabara katika Chuo Kikuu cha Würzburg. Alipopitisha umeme katika mrija wa kioo uliofunikwa kwa karatasi nyeusi, aliona bamba lililopakwa kemikali likimeremeta pembeni. Desemba 22 aliupiga picha mkono wa mkewe, Anna Bertha. Mifupa na pete vikaonekana.

Mwaka 1901 alipewa Tuzo ya Nobel ya kwanza ya Fizikia, akaikabidhi fedha yake kwa chuo chake. Alikataa pia kuchukua hataza, ili uvumbuzi huo uwe mali ya watu wote. Alifariki Munich Februari 10, 1923 kwa saratani ya utumbo.

Hata hivyo, dunia iliipokea zawadi hiyo kwa pupa. Katika miezi michache mitambo ilienea hospitalini bila kinga wala mafunzo. Nchini Marekani, Clarence Dally, msaidizi wa mvumbuzi Thomas Edison, aliunguzwa na mionzi, akakatwa mikono na kufariki mwaka 1904. Kanuni za usalama zilikuja baada ya maafa.

Kosa hilo lisirudiwe. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha programu za kompyuta kusoma picha za vifua katika uchunguzi wa kifua kikuu kwa wenye umri wa miaka 15 na zaidi. Lakini programu hujua kile tu ilichofundishwa. Mkoa wa Ruvuma una machimbo ya makaa ya mawe huko Ngaka, wilayani Mbinga, na makovu ya vumbi katika mapafu yanaweza kufanana na kifua kikuu. Programu iliyofundishwa kwa picha za ugenini yaweza kumwanzishia mchimbaji dawa asizozihitaji.

Kwa hiyo, kabla ya kununua, hospitali ihakikishe umeme wa uhakika na picha za kidijitali, iijaribu programu kwa picha za wagonjwa wa hapa, iwafundishe wataalamu wake, na ilinde siri za wagonjwa kama Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inavyotaka. Neno la mwisho libaki kwa daktari.

Röntgen alitoa bure alichokiona. Gharama ya kutojiandaa ililipwa na wengine.