Wilhelm Röntgen na Miale Isiyoonekana

Wengi wetu tumepata kupigwa picha ya eksirei ya kifua. Tuliambiwa tuvute pumzi na tuizuie, kisha mpiga picha akaenda kujificha nyuma ya ukuta. Kwa nini ajifiche yeye, na mgonjwa aachwe pale pale? Jibu limo katika habari za Wilhelm Conrad Röntgen na wale waliomfuata.

Alizaliwa tarehe 27 Machi 1845 huko Lennep, Ujerumani, akakulia Uholanzi. Akiwa mwanafunzi mjini Utrecht alifukuzwa shule kwa sababu ya mchoro wa kumdhihaki mwalimu. Inasimuliwa kwamba aliyechora ni mwenzake, naye akakataa kumtaja. Mimi niliyeshika chaki miaka mingi, habari hiyo hunitia haya kidogo. Hata hivyo alipokelewa chuoni Zurich, Uswisi, na baadaye akawa profesa wa fizikia.

Jioni ya tarehe 8 Novemba 1895, mjini Würzburg, alikuwa akipitisha umeme katika chupa ya kioo iliyoondolewa hewa. Chupa ilifunikwa kwa karatasi nyeusi, lakini kipande kilichopakwa dawa, kilichokuwa kando, kiling'aa gizani. Miale isiyoonekana ilikuwa imepenya karatasi. Kwa kuwa hakuijua, aliiita X. Tarehe 22 Desemba mkewe, Anna Bertha, aliweka mkono mbele ya miale hiyo kwa muda wa kama dakika 15. Picha ikaonyesha mifupa yake, na pete kidoleni.

Mwaka 1901 Röntgen alipewa Tuzo ya Nobel ya kwanza ya fizikia. Fedha zake alikiachia chuo kikuu cha Würzburg, wala hakutaka kulipwa kwa uvumbuzi wake.

Lakini miale hiyo ilikuwa na makali yasiyojulikana bado. Röntgen alifanya majaribio mengi ndani ya sanduku kubwa la zinki na risasi, nalo likamkinga. Wengine waliijaribu mashine kwa mikono yao wenyewe kila siku. Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison huko Marekani, aliungua, akakatwa mikono, na akafa mwaka 1904. Mwaka 1936 ulisimamishwa mnara mjini Hamburg wenye majina ya watu waliokufa kwa kazi hiyo. Röntgen mwenyewe alifariki tarehe 10 Februari 1923 mjini Munich.

Kutokana na vifo hivyo tulijifunza kujikinga. Siku hizi picha ya kifua huchukua chini ya sekunde moja, na miale yake ni kama ile inayotupata kutoka ardhini na angani kwa siku kama 10. Mgonjwa hupigwa mara moja akaenda zake. Mpiga picha hupiga watu wengi kila siku, mwaka hata mwaka. Ndiyo sababu hujificha.

Basi, daktari akikuagiza picha, usiogope. Asipoagiza, usiidai. Na mama mwenye mimba aseme mapema, kabla mashine haijawashwa.