Apolo Kagwa na pamba iliyochanganyika

Gunia la maharage ya njano likikutwa na mekundu ndani, mnunuzi pale Busia hushusha bei ya gunia zima. Apolo Kagwa, Katikiro wa Buganda, aliyaona hayo kwa pamba.

Alianza kama kijana wa kuhudumu ikulu enzi za Kabaka Muteesa wa Kwanza. Alinusurika mauaji ya Wakristo ya 1886, akawa Katikiro baada ya vita vya dini. Mwaka 1902 alikwenda London kwa kutawazwa kwa Mfalme Edward wa Saba. Mwaka uliofuata Kristen Borup wa Uganda Company alileta Mengo tani mbili na nusu hivi za mbegu za pamba, zikagawiwa machifu.

Tatizo lilikuwa hapo. Mbegu zilikuwa za aina kadhaa, za Misri na za Marekani. Chifu mmoja alipanda kilimani, mwingine bondeni. Huyu aliwahi mvua, yule alichelewa. Shamba likizaa vizuri, nani angejua kama sifa ni ya mbegu, ya udongo au ya mkulima? Nyuki nao walichanganya chavua, hivyo mbegu za msimu uliofuata zikazidi kuvurugika. Msimu wa 1904/05 yaliuzwa nje marobota 54, lakini kadiri kilimo kilivyoenea, nyuzi ndefu na fupi zilikaa robota moja, na viwanda vya Uingereza havikupenda.

Mwaka 1908 Gavana Hesketh Bell aliamuru pamba ing'olewe, ibaki aina moja ya Kimarekani, na mashine za mkono za kuchambulia zipigwe marufuku. Kazi iliwaangukia Kagwa na machifu wake, wakaifanya bila huruma. Mwenye miche mizuri alipoteza sawa na mwenye mibaya.

Marobota yakaanza kufanana. Lakini swali la mbegu ipi inafaa wapi halikujibiwa. Kulijibu kunataka aina zote zipandwe jirani katika vipande vidogo, zirudiwe mara kadhaa, na nafasi zipigiwe kura ili kona yenye rutuba isipendelee mbegu moja. R.A. Fisher aliipanga njia hiyo Rothamsted, Uingereza, miaka ya 1920. Baadaye ilitumika katika kituo cha pamba cha Namulonge, kaskazini mwa Kampala.

Kagwa hakuiona. Aligombana na maofisa wa kikoloni, akajiuzulu 1926, akafariki Nairobi Februari 1927.