Siti binti Saad: Kazi, Ndoa na Riziki ya Mwanamke

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, akaitwa Mtumwa. Jina hilo lilionyesha daraja la wazazi wake katika jamii iliyompima mtu kwa nasaba. Mama alifinyanga vyungu, binti akavichukua kichwani kwenda kuviuza mjini. Jasho lao liliendesha nyumba bila kuwapatia hadhi.

Amri ya mwaka 1897 iliyofuta hadhi ya kisheria ya utumwa haikuwahusu masuria hadi mwaka 1909. Huduma ya mwanamke ndani ya nyumba ilihesabiwa kuwa jambo la unyumba, wala si kazi. Ni katika mazingira hayo ambapo Siti, baada ya kuachika, alihamia mjini karibu na mwaka 1911. Hakuwa na shamba wala urithi. Mtaji wake ulikuwa sauti.

Taarabu iliyokuwa ikiimbwa kwa Kiarabu katika majumba ya wakubwa, yeye aliiimba kwa Kiswahili. Mwaka 1928 alisafiri na wenzake hadi Bombay, wakarekodi santuri zilizouzwa kote katika pwani ya Afrika Mashariki. Baadhi ya nyimbo zake zilifichua dhuluma walizotendewa wanawake, hata mahakamani.

Siti alifariki mwaka 1950, na Shaaban Robert akaandika wasifu wake. Aliyezaliwa Mtumwa alizikwa kwa jina lenye maana ya bibi mwenye heshima. Heshima hiyo hakuipata kwa nasaba wala kwa ndoa, bali kwa kazi yake.