Keynes: Mchumi aliyekataa kukimbia soko la hisa lilipoporomoka

MWAKA 1938, akiwa bado anauguza moyo, John Maynard Keynes alikabiliwa na swali linalomkosesha usingizi kila mwenye hisa bei zinaposhuka: auze kilichosalia, au avumilie na pengine anunue zaidi?

Halikuwa swali la darasani. Mwishoni mwa 1936 mali yake ilizidi pauni 500,000. Kufikia mwisho wa 1938, karibu theluthi mbili yake ilikuwa imeyeyuka.

Keynes alizaliwa Juni 5, 1883, mjini Cambridge, Uingereza, akiwa mtoto wa mhadhiri wa chuo kikuu. Alisoma hisabati katika chuo cha King's, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza akaitumikia Wizara ya Fedha. Mwaka 1919 alijiuzulu akipinga fidia kubwa iliyotakiwa kutoka Ujerumani, na kitabu alichokiandika juu ya suala hilo kikampa umaarufu.

Mwaka huo huo alianza kubahatisha biashara ya sarafu za kigeni kwa fedha za mkopo. Aliamini kuwa sarafu za Ulaya zingeshuka thamani. Hakukosea mwelekeo, alikosea wakati: mwaka 1920 zilipanda kwa muda, naye akabaki bila kitu. Aliokolewa na baba yake, pamoja na mkopo wa pauni 5,000 kutoka kwa tajiri Sir Ernest Cassel.

Hata hivyo, King's walimwamini, na mwaka 1924 akawa mtunza hazina wao mkuu. Alikuwa amekishawishi chuo kuuza sehemu ya ardhi yake na kununua hisa, hatua ambayo taasisi za namna hiyo ziliiogopa.

Katika miaka hiyo alidhani angeweza kuusoma mzunguko wa uchumi, akanunua kabla ya bei kupanda na kuuza kabla hazijashuka. Mwaka 1928 bei za mpira, pamba na bati zilimgeuka, akalazimika kuuza hisa ili kufidia hasara. Mali yake, iliyokuwa pauni 44,000 mwishoni mwa 1927, haikufika 8,000 miaka miwili baadaye. Mchumi aliyesifika kuliko wote wa zama zake hakuuona mporomoko wa Oktoba 1929 ukija.

Hapo ndipo alipobadilika. Aliacha kubashiri soko, akachagua makampuni machache aliyoyachunguza kwa kina, yakiwemo ya magari nchini Uingereza na ya machimbo ya dhahabu Afrika Kusini. Wakati wengi wakiikimbia Marekani katika mdororo wa miaka ya 1930, yeye alinunua huko hisa za makampuni ya umeme.

Mtihani ulikuja mwaka 1937. Mwezi Mei alipatwa na ugonjwa wa moyo, na baadaye mwaka huo masoko yakaanguka. Kwa kuwa alikuwa amekopa, aliuza baadhi ya hisa zake kupunguza madeni. Ujasiri wa mtu mwenye deni una mipaka. Lakini kampuni ya bima ya National Mutual, ambayo alikuwa mwenyekiti wake tangu 1921, ilimlaumu kwa hasara na kutaka hisa ziuzwe. Alikataa. Kwa maoni yake, kuuza kwa bei ya chini kwa sababu tu wengine wanauza ni kugeuza hofu kuwa hasara halisi, na iwapo kila mmoja angefanya hivyo soko lisingekuwa na mnunuzi. Oktoba 1938 aliachia uenyekiti.

King's walimvumilia. Mfuko aliousimamia kwa uhuru zaidi chuoni hapo, ulioanza na takriban pauni 30,000, ulikuwa umefikia kiasi cha pauni 380,000 alipofariki nyumbani kwake Tilton, Sussex, Aprili 21, 1946. Alikuwa na umri wa miaka 62, na chini ya miaka miwili ilikuwa imepita tangu mkutano wa Bretton Woods uliozaa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa. Mali yake mwenyewe ilithaminiwa kuwa karibu pauni 480,000.