Bibi Florence Nightingale na Mgonjwa Asiyeweza Kusema

Wengi wetu twamjua Bibi Florence Nightingale kwa ile taa yake tu. Alizaliwa tarehe 12 Mei 1820 katika mji wa Florence, Italia. Wazazi wake, Waingereza matajiri, hawakupenda kabisa binti yao awe mwuguzi, maana kazi hiyo ilidharauliwa siku zile. Hata hivyo mwaka 1851 alikwenda kujifunza Kaiserswerth, Ujerumani.

Novemba 1854 alifika Scutari, Uturuki, pamoja na wanawake 38, kuwauguza askari wa Vita vya Krimea. Usiku alipita kitanda kwa kitanda, na askari alipofariki, mara nyingi aliwaandikia barua jamaa zake yeye mwenyewe. Lakini tusimfanye malaika. Majira yale ya baridi watu walizidi kufa mikononi mwake, wengi kwa maradhi wala si kwa majeraha, mpaka Machi 1855 ilipofika tume ya serikali ikasafisha mifereji michafu chini ya jengo. Baada ya vita alizichunguza hesabu za vifo hivyo bila kujionea huruma.

Mwaka 1859 alitoa kitabu juu ya uuguzi, na hapo ndipo nimpendapo zaidi. Alikataza kunong'ona mlangoni, kwa kuwa mgonjwa hutega masikio akidhani anasemwa yeye. Alikataza kuegemea kitanda, kumshtua usingizini, na kusimama nyuma yake hata ageuze shingo. Keti mbele, aone uso wako. Tena usimwambie kwamba hana neno, hali yeye ajua alivyo. (Nani kati yetu hajafanya hayo yote kwa siku moja?)

Siku hizi, katika chumba cha wagonjwa mahututi, mgonjwa ana mpira kooni na mashine zalia usiku kucha. Hawezi kujibu, lakini huenda anasikia. Ndiyo maana mwuguzi mwema humwita kwa jina na kumweleza atakalofanya kabla ya kumgusa. Ndugu wakisimama pale, wazungumze naye, wasizungumze juu yake.

Bibi Florence aliyajua haya kitandani pia, kwani homa aliyoipata Krimea ilifuatwa na miaka mingi ya ugonjwa. Alianzisha shule ya wauguzi katika hospitali ya St Thomas's, London, mwaka 1860. Alifariki tarehe 13 Agosti 1910. Jamaa zake walikataa azikwe Westminster Abbey. Yuko kijijini East Wellow, na kaburini jina lake limeandikwa kwa herufi mbili tu, F.N.